Gurudumu la baiskeli na usalama wa mpandaji mjini Brussels

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa katika kipindi chetu cha makala.

Nazungumza kutoka Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji.

Jina la mji huu mmelizoea katika taarifa za habari. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Umoja wa Ulaya na ya Jumuiya ya Kujihami ya NATO, na wiki haipiti bila ya mawaziri kukutana, kutofautiana na kutoa tamko. Leo naomba radhi niwapitishe kando ya majengo hayo, niwashushe barabarani, tuzungumze juu ya kitu ambacho hakijapata kuitishiwa mkutano wa kilele. Nacho ni gurudumu la baiskeli: namna ya kulifunga, namna ya kulivisha tairi, na namna ya kulipitisha katika mitaa ya mji huu bila ya mtu kuvunjika shingo.

Tangu tarehe mosi Januari 2021, kilomita 30 kwa saa ndiyo kasi ya kawaida inayoruhusiwa katika eneo lote la Brussels, isipokuwa katika barabara kuu zilizotajwa. Watu wengi wamepata moyo wa kupanda baiskeli, na miongoni mwao wamo ndugu zetu wa Afrika Mashariki na wa mashariki ya Kongo. Wamo wanafunzi, wamo wanaotoka nyumbani alfajiri kwenda kusafisha maofisi, wamo vijana wanaobeba chakula cha watu katika mikoba ya mraba migongoni. Wengi wao hawakununua baiskeli mpya dukani. Wamepewa na jirani anayehama, au wameinunua kwa mtu, au wameiokota kwa bei ya kupatana katika soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle. Baiskeli ya namna hiyo haiji na mwalimu. Mpandaji huangalia rangi, akajaribu kengele, akapanda.

Kila ninapowasikia wenzangu wakizungumzia hatari za barabarani, husikia habari za magari tu. Gari ni la kuogopwa, hilo halina ubishi. Lakini gurudumu la mbele likichomoka, halihitaji gari kukuua. Uma wa mbele huchoma ardhi, baiskeli husimama ghafula, na mpandaji huendelea na safari yake peke yake, kichwa mbele. Muda wa kunyoosha mikono haupo.

Basi tuanze na namna gurudumu linavyoshikwa.

Baiskeli tulizokulia nazo, zile za Phoenix, Hero na Raleigh, zina ekseli nene yenye nati kila upande, na ili kuifungua unahitaji spana. Baiskeli nyingi za Ulaya zina mfumo mwingine. Ekseli yake ni tupu ndani kama mwanzi, na katikati yake hupita ufito mwembamba wa chuma. Upande mmoja wa ufito huo pana kimkono cha kukunja, na upande wa pili pana nati ndogo. Mfumo huu ulienezwa na fundi na mkimbiaji wa Italia, Tullio Campagnolo, katika miaka ya 1930, ili washindani waweze kubadili gurudumu njiani kwa haraka. Ulibuniwa kwa ajili ya mashindano, na leo umekaa katika baiskeli za watu wasiokimbizwa na yeyote.

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni kukidhania kimkono hicho kuwa ni nati yenye masikio. Mtu hukishika akakizungusha, akakizungusha, mpaka kikagoma, akaridhika kwamba amekaza. La hasha, hajakaza kitu. Nguvu ya mfumo huu haitokani na kuzungusha, inatokana na kukunja. Ndani ya kimkono mna kipande cha chuma chenye umbo la yai, na kimkono kinapokunjwa, kipande hicho hugeuka na kuuvuta ufito wote, kikaibana fremu kwa nguvu ambayo vidole haviwezi kuifikia.

Hivyo basi, fanya hivi. Isimamishe baiskeli chini, isiwe imening'inizwa wala kupinduliwa, ili uzito wake wenyewe uisukume ekseli mpaka mwisho wa nafasi yake katika uma. Kimkono kiwe upande wa kushoto wa mpandaji. Kifungue kabisa, kisha izungushe ile nati ndogo ya upande wa pili mpaka kimkono, ukianza kukikunja, kiwe kinaanza kukataa pale kinapokuwa kimenyooka sawa na ekseli, kama mkono ulionyoshwa. Kuanzia hapo kisukume kwa kiganja mpaka kilale. Kikilala bila ya kukuachia alama kiganjani, hakijakaza. Kifungue, nati uizungushe kidogo zaidi, urudie. Kikikataa kulala hata kwa nguvu zako zote, legeza nati robo mzunguko. Vimkono vingi vimeandikwa pande zote mbili kwa Kiingereza, upande mmoja neno la kufungua na upande mwingine neno la kufunga. Neno la kufunga ndilo linalopaswa kuonekana kwa mtu anayekutazama kutoka nje.

Ukimaliza, usiamini macho. Inyanyue baiskeli kwa mbele, kisha lipige tairi kwa kiganja kuelekea chini, mara mbili, tatu, kwa nguvu. Gurudumu lililofungwa vizuri halitikisiki. Uma nyingi za siku hizi zina vijino vidogo kwenye ncha zake, vilivyowekwa ili gurudumu lisidondoke mara moja hata kimkono kikilegea. Mafundi wa Marekani huvitania vijino hivyo kwa kuviita midomo ya mawakili, kwa kuwa wanasema viliwekwa na viwanda kwa hofu ya kushitakiwa kuliko kwa mapenzi ya mpandaji. Liwe liwalo, vimeokoa watu. Usimruhusu fundi yeyote avisage kwa tupa ati gurudumu litoke upesi.

Pana jambo la Brussels ambalo hulifanya suala hili kuwa la kila siku. Wezi wa baiskeli ni wengi, na gurudumu lenye kimkono huibwa kwa sekunde chache. Kwa hiyo wengi wetu hulichomoa gurudumu la mbele tunapofika, tukalifunga kwa mnyororo pamoja na fremu, na jioni tukalirudisha. Maana yake ni kwamba gurudumu hilo linafungwa upya kila siku, mara nyingi gizani, mvua ikinyesha, na mtu akiwa na haraka ya kurudi nyumbani. Isitoshe, baiskeli iliyoachwa nje mchana kutwa imeguswa na mikono usiyoijua. Huenda mtu alianza kukifungua kimkono, akaona polisi, akaenda zake. Ndiyo maana nasema kwamba kiganja kipige tairi kila unapopanda, hata kama hukulifungua gurudumu wewe mwenyewe. Nami naona kuwa mwenye baiskeli ya kazi ya kila siku hana haja ya kimkono hicho. Ufito wa kukazwa kwa ufunguo unauzwa kwa bei ndogo, humkatisha mwizi tamaa, na haulegezwi na mpita njia.

Wenye breki za sahani, nao wana la kuangalia zaidi. Mwezi Aprili 2015 kampuni ya Trek ya Marekani ilitangaza kuzirudisha baiskeli zake zipatazo 900,000 nchini Marekani na 98,000 nchini Canada. Kimkono cha gurudumu la mbele kilikuwa kikifunguka kupita kiasi, na kikiachwa wazi kiliweza kuingia katika sahani ya breki, gurudumu likakwama ghafula au likachomoka. Matukio matatu yalikuwa yameripotiwa, na katika moja mpandaji alipooza mikono na miguu. Kipimo kilichotolewa wakati ule ni chepesi, na hufaa kwa baiskeli yoyote kuukuu yenye breki ya namna hiyo. Kifungue kimkono mpaka mwisho wake. Ikiwa penseli haipenyi baina ya kimkono na sahani, yaani nafasi haifiki milimita 6, usiipande.

Kwa wenye nati, kazi ni nyepesi zaidi, ila ina adabu zake. Kaza upande huu kidogo, kisha upande ule kidogo, ukipokezana, ili gurudumu lisivutwe upande mmoja. Washa hukaa nje ya uma, baina ya uma na nati, na upande wake wenye meno hutazama uma. Gurudumu la nyuma, ambalo mnyororo hulivuta kila unapokanyaga, lahitaji nguvu ya mkono mzima kwenye spana ndefu. Kisha tazama kutoka nyuma: je, rimu iko katikati ya fremu? Na kabla hujaondoka, je, umeiunganisha tena breki? Breki nyingi za rimu hufunguliwa waya wake ili tairi lipate kupita, na mtu aliyeshughulika na gurudumu kwa nusu saa husahau kuurudisha. Hugundua akiwa katika mteremko wa kwanza, na Brussels, mnavyojua waliofika, ni mji wa miteremko.

Tuje katika tairi lenyewe, na hapa naomba wasikilizaji walioko nyumbani wategee sikio pamoja na walioko Ulaya.

Ubavuni mwa kila tairi pameandikwa nambari. Wengi hutazama ile ya inchi: 26, au 28. Nambari hizo za inchi ni za kudanganya. Zilianza zamani, kila nchi na kila kiwanda kikipima kwa namna yake, na leo matairi mawili yaliyoandikwa 28 yanaweza kutofautiana kiasi cha kutoingiliana kabisa. Nambari ya kuaminiwa ni ile yenye kistari katikati, kwa mfano 37-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu, pale ukingo wa tairi unapokaa, nacho pia ni kwa milimita. Shirika la Ulaya linaloshughulikia vipimo hivi vya matairi na rimu, liitwalo kwa kifupi ETRTO, lina makao yake papa hapa Brussels. Mji unaosifika kwa kanuni zisizokwisha, na kulaumiwa kwazo kila siku, hapa umetusaidia sana.

Baiskeli nyingi za kawaida za Ubelgiji zina rimu ya 622, nazo huitwa za inchi 28. Ile baiskeli kubwa nyeusi ya Mwanza, Kisumu au Soroti nayo huitwa ya inchi 28, lakini tairi lake, lililoandikwa 28 kwa moja na nusu, ni la rimu ya 635. Tofauti ni milimita 13. Msikilizaji atasema, milimita 13 ni nini? Ukilichukua tairi la 622 na kulivisha rimu ya 635, halitaingia, utavunja vyuma na kucha, na hilo ndilo afadhali. Ukilichukua tairi la 635 na kulivisha rimu ya 622, litaingia kwa urahisi wa ajabu, kwa mikono mitupu, nawe utajisifu kwa ufundi. Litajaa upepo nusu, halafu ukingo utaruka nje ya rimu na mpira wa ndani utapasuka kwa mlio wa bunduki. Ukiwa na bahati litapasuka ukiwa bado umeshika pampu.

Na 26 ni vurugu zaidi. Baiskeli za milimani zenye 26 ni 559. Baiskeli za zamani za mjini zenye 26 kwa moja na tatu ya nane ni 590. Tena pako 584 na 571, nazo zote ziliwahi kuitwa 26. Hivyo ukienda dukani usiseme inchi. Soma nambari yenye kistari, iandike katika karatasi, umpe muuzaji.

Nasema haya kwa kuwa ndugu zetu wengi hapa hukusanya baiskeli zilizotumika, wakazipakia katika makontena bandarini Antwerp na kuzipeleka nyumbani. Ni biashara njema, na ni msaada mkubwa kwa watu. Lakini nimeona baiskeli nzuri zikipelekwa bila ya tairi hata moja la akiba, na zote zikiwa za 622. Tairi likiisha, mwenye baiskeli huenda kwa fundi wa mtaani, fundi hutoa tairi la 28 alilo nalo, nalo ni 635, na yale niliyoyaeleza hutokea. Baada ya miezi michache baiskeli ya Ulaya imegeuka kuwa kining'inio cha nguo. Mwenye kupakia kontena, tafadhali chagua zaidi zile za 559, kwani matairi yake hupatikana nyumbani kwa urahisi zaidi, na zile za 622 zifungashe pamoja na matairi na mipira ya ndani ya kutosha miaka miwili.

Kulivisha tairi kwenyewe kunataka subira. Ndani ya rimu, juu ya vichwa vya spoki, lazima pawe na utepe. Pasipo na utepe, vichwa hivyo vitautoboa mpira kutoka ndani, na utabaki kuulaani msumari ambao haupo. Tazama kama pana mshale ubavuni mwa tairi, nao uelekee upande gurudumu linakoviringikia. Utie mpira wa ndani upepo kidogo tu, upate umbo, kabla ya kuuingiza. Sehemu ya mwisho ya ukingo iingize kwa vidole gumba, si kwa bisibisi. Ikikataa, nenda upande wa pili wa gurudumu, ukingo uubonyeze uingie katika bonde la katikati ya rimu, utapata nafasi. Kisha zunguka gurudumu lote ukiusogeza ukingo na kuchungulia kama mpira umebanwa chini yake. Jaza upepo nusu, utazame ule mstari mwembamba uliochorwa ubavuni karibu na rimu. Ukiwa na umbali sawa toka rimu kuzunguka kote, endelea kujaza. Ukipanda na kushuka, toa upepo uanze tena.

Juu ya valvu, kuna aina tatu: ile nene kama ya gari, ile nyembamba ya baiskeli za mashindano, na ile ya zamani iitwayo ya Dunlop, ambayo ajabu yake ni kwamba imeenea Uholanzi na Ubelgiji kama ilivyoenea kwetu. Valvu nyembamba haifai katika tundu la valvu nene, kwani huchezacheza na mwishowe mpira hukatika shinani mwake.

Jina hilo la Dunlop haliwezi kupita hivi hivi katika mji huu. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, ndiye aliyepata hataza ya tairi la upepo la baiskeli mwaka 1888. Baada ya hapo Ulaya na Marekani zilishikwa na wazimu wa baiskeli, na dunia ikataka mpira mwingi kuliko ilivyopata kutaka. Wakati huo Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili, tangu 1885 hadi 1908, na mpira wa mwitu ulitolewa misituni kwa watu kutekwa mateka, kuchapwa na kuuawa. Faida ilirudi hapa. Tao kubwa la Cinquantenaire, lililokamilika mwaka 1905, ambalo watalii hupiga picha mbele yake, lilijengwa kwa fedha zilizotokana na Kongo. Mkongomani anayepita chini ya tao hilo kwa baiskeli leo, akienda kazini, anapita na historia hiyo chini yake pia. Nimeona niseme, kisha turudi katika pampu.

Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa bar au kwa psi, na bar moja ni kama psi 14 na nusu. Huandikwa cha chini na cha juu. Tairi la upana wa milimita 37 huchukua takriban bar 3 na nusu hadi 6. Mtu mzito, au aliyebeba mzigo, aelekee juu; mwepesi aelekee chini. Upepo mchache mno hufanya rimu kuubana mpira kila unapogonga ukingo wa barabara, ukaona mashimo mawili sambamba kama yaliyoachwa na meno ya nyoka. Upepo mwingi mno hulifanya tairi lirukeruke juu ya mawe na kukosa kushika. Na kama rimu yenyewe imeandikwa kiwango chake, kidogo kati ya viwili ndicho sheria.

Hata wakubwa hawasalimiki. Mwezi Februari 2024, katika mashindano ya UAE Tour kule Falme za Kiarabu, tairi la mbele la Mbelgiji Thomas De Gendt lilichomoka katika rimu, akaanguka, na picha zilionyesha tairi likining'inia. Rimu yake ilikuwa ya aina mpya isiyo na kulabu za kushikilia ukingo wa tairi. Mjadala mkubwa ulizuka baada ya hapo, kuhusu upana gani wa tairi unafaa rimu gani. Rimu za namna hiyo hazistahimili zaidi ya bar 5, na hazikubali tairi lolote lile. Akikuuzia mtu baiskeli ya kasi iliyotumika, muulize kama rimu zina kulabu. Asipojua, pitisha kidole ndani ya ukingo wake, utahisi mwenyewe.

Spoki nazo, yaani zile njiti za gurudumu, zisikilizwe. Zishike mbilimbili kuzunguka gurudumu lote na kuzibonyeza. Zote zinapaswa kukaza karibu sawa kwa kila upande. Iliyolegea au iliyovunjika huziachia jirani zake mzigo wake, nazo hufuatana. Zungusha gurudumu utazame rimu ikipita kwenye kipira cha breki: ikiyumba, mpelekee fundi, maana kuinyoosha ni kazi ya robo mzunguko hapa na nusu mzunguko pale, na asiyeijua huzidisha kuiharibu. Lishike tairi ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, gololi za kitovu zinahitaji kurekebishwa.

Na tazama mashavu ya rimu. Breki ya rimu huila rimu. Hapa Brussels, kwa mvua, mchanga na miteremko, rimu huliwa haraka, na ikiwa nyembamba hupasuka kwa nguvu ya upepo wa tairi. Nyingi zina mfereji mdogo au kitundu kilichochongwa shavuni kama alama. Alama ikitoweka, rimu imekwisha, hata kama inang'aa. Wale wenye rimu za chuma zilizopakwa kromu, kama za baiskeli zetu za zamani, wajue kuwa rimu hizo zikilowa breki karibu hazishiki kabisa. Punguza mwendo mapema mno.

Sasa twende barabarani.

Mitaa mingi ya Brussels imetandikwa mawe. Wasemao Kiholanzi huyaita kwa jina lenye maana ya vichwa vidogo vya watoto, na ukilitazama jiwe moja likiwa limelowa na kung'aa utaona walivyopata jina hilo. Waliofuatilia Mashindano ya Dunia mjini Kigali, Septemba 2025, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, waliona mabingwa wakihangaika katika ule mlima wa mawe, Ukuta wa Kigali. Juu ya mawe ya namna hiyo tairi pana lenye upepo wa wastani ndilo lenye hekima. Usishike breki kwa ghafula, na usikate kona ukiwa umeinama.

Lakini kitu kinachoangusha wageni wengi zaidi, kwa ninavyoona, ni reli za tramu. Tramu za kwanza za mji huu, zilizokokotwa na farasi, zilianza mwaka 1869 kati ya Porte de Namur na msitu wa Bois de la Cambre, karibu kabisa na mahali ambapo leo pana Matonge, mtaa wa Waafrika uliochukua jina lake Kinshasa. Leo reli zimepita kila mahali. Katika barabara ya Chaussée de Charleroi, tramu, magari na baiskeli hugombea nafasi ile ile. Kando ya kila reli pana mfereji, na upana wake unatosha kumeza tairi la kawaida. Tairi likiingia, usukani haugeuki tena, na baiskeli huanguka upande. Pasipo na mvua hatari ni huo mfereji. Pakiwa na mvua chuma chenyewe huteleza kama sabuni.

Reli hukatwa kwa kupita moja kwa moja, karibu na pembe mraba kadiri uwezavyo. Tazama nyuma, nyoosha mkono kuwaonya walio nyuma yako, sogea kwanza upande wa pili, kisha ukate. Ukiwa juu ya chuma usikanyage kwa nguvu, usishike breki, usigeuze usukani. Ukijikuta umebanwa kati ya reli na magari yaliyoegeshwa, punguza mwendo ushuke utembee. Hakuna aibu katika hilo. Na tramu hupewa nafasi na kila mtu, kwani haiwezi kukukwepa.

Majira ya baridi, jua huchelewa kutoka hata watu wawe wamekwisha kufika kazini, na hapo gurudumu hutakiwa lionekane. Sheria ya Ubelgiji inataka taa nyeupe au ya manjano mbele na nyekundu nyuma, na kwa baiskeli za kawaida inataka pia magurudumu yaonekane ubavuni: ama virudisha mwanga vya rangi ya manjano au chungwa vilivyofungwa katika spoki, visivyopungua viwili kwa kila gurudumu, ama mstari mweupe unaorudisha mwanga kuzunguka tairi. Dereva anayetoka katika njia ya pembeni haioni taa yako ya mbele wala ya nyuma. Anachokiona ni duara mbili zinazozunguka.

Limebaki moja, nalo nalielekeza kwa kina mama hasa, na kwa yeyote anayebeba mtoto nyuma. Ncha ya kanga, ya buibui au ya skafu ndefu ikiingia katika spoki za nyuma huvutwa kwa kasi ya gurudumu lenyewe. Mguu wa mtoto ukiingia, spoki hazisimami zikauliza. Huku Ubelgiji na Uholanzi maduka ya baiskeli huuza kifuniko cha plastiki au cha wavu kinachoziba sehemu ya juu ya gurudumu la nyuma, pande zote mbili, na kukifunga ni kazi ya dakika kumi. Mtoto mdogo asikalishwe juu ya keria tupu. Akae katika kiti chenye mahali pa kuweka miguu na mikanda ya kuifunga, na kabla ya kuondoka mshike miguu yote miwili, uisukume kuelekea kwenye spoki kwa mkono wako, uone kama inafika.